Nusu ya Kabalagala: Utu wa Mtoto Unatoka Wapi

Hotuba kwa mkutano wa walimu wa shule za msingi, Hoima. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Afisa elimu wetu, wakuu wa shule, shehe na mchungaji mliotufungulia kikao kwa dua na sala, wazee wa LC, yaani baraza la mtaa, walimu wenzangu: hamjambo nyote.

Nashukuru kwamba tumekubaliana kutumia Kiswahili leo. Humu ndani kuna Wanyoro, Waalur na Wagungu, kuna walimu waliovuka Ziwa Albert wakitokea Kongo na sasa wanafundisha kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, na mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye kambi ya kiwanda cha mbao pembeni ya msitu wa Budongo. Pale kila nyumba ilikuwa na lugha yake, na ukishatoka mlangoni ni Kiswahili tu. Baba alikuwa mpasua mbao. Ndiyo maana kila nikizungumza huishia msituni, mtanivumilia.

Nianze na chakula.

Muhula huu, siku moja mvua ilinyesha saa ya mapumziko, watoto wa darasa la nne wakabaki ndani. Nilikuwa nimekaa nyuma nikisahihisha madaftari. Mbele yangu palikuwa na dawati la watu watatu, na katikati yake mvulana wa miaka kama kumi. Akatoa kabalagala moja aliyoifunga kwenye karatasi ya daftari. Kwa wageni wetu, hicho ni kitumbua cha bapa cha ndizi mbivu na unga wa muhogo, kinakaangwa kwa mafuta. Mtoto huyu namjua. Kwao asubuhi hakuna chai, na posho ya shule ilikuwa bado saa mbili na zaidi. Aliigeuzageuza ile kabalagala mkononi, akaikata vipande viwili, akavilinganisha kwa macho, kisha kile kikubwa akampa rafiki yake wa kushoto. Hakuombwa. Wala hakuangalia kama kuna mwalimu anayemwona.

Kulia kwake alikuwa ameketi msichana aliyefika wiki tatu kabla, kutoka kituo cha kupokelea wakimbizi. Alikuwa anatazama ubao, na ubao haukuwa na kitu. Yule mvulana hakumpa mgongo, hakuficha mkono, hakukunja uso. Alikula tu, polepole, kama anayetaka kitu kisiishe. Naweza kuapa kwamba hakumnyima yule msichana, maana ili umnyime mtu lazima kwanza uwe umemhesabu.

Nimefundisha sayansi miaka 26. Nimefundisha moyo, mapafu, figo, na namna maharage yanavyoota kwenye pamba. Lakini wale watoto watatu waliniachia swali ambalo halimo katika mtihani wowote. Ile nusu iliyotolewa ilitoka wapi? Na ile iliyokosekana upande wa kulia, sababu yake ilitoka wapi? Nimehangaika na jambo hili wiki nyingi, nikasoma, nikarudia niliyosoma zamani, na leo nimekuja kuwaambia ninachoamini: yote mawili yalitoka mahali pamoja.

Wengi wetu tulilelewa kuamini kwamba mtoto anazaliwa chombo kitupu, na kazi yetu ni kumimina wema ndani. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeitumia mimi mwenyewe mbele ya wazazi mara nyingi, na sasa naiogopa kidogo, kwa sababu samaki hana mapenzi yake mwenyewe. Anakunjwa na anayemkunja. Mtoto aliyevunja chakula chake akampa mwenzake sehemu kubwa hakukunjwa na mtu. Kuna kitu alikuja nacho.

Twendeni ziwani kwanza. Katika Ziwa Victoria, mwendo wa boti kutoka Entebbe, kuna kisiwa kinaitwa Ngamba. Tangu 1998 kinahifadhi sokwe mayatima, wengi wao walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara waliowaua mama zao. Watafiti kutoka Ujerumani, Felix Warneken na wenzake, walikwenda pale na kufanya jaribio rahisi kabisa. Mtu anasimama nje ya wavu, anajinyoosha kuchukua kijiti ambacho mkono wake haufiki. Sokwe yuko ndani, kijiti kiko upande wake. Je, atakileta? Walikileta. Waliwekewa njia ngumu, wapande juu kwanza ndipo wakifikie, bado wengi walikileta. Wakipewa tunda au wasipopewa, haikuleta tofauti. Kisha jaribio likageuzwa likawa la sokwe kwa sokwe: mmoja anahangaika kufungua mlango wa chumba chenye chakula, mwingine ndiye anayeweza kulegeza mnyororo, na chakula chenyewe hatakipata. Wengi walilegeza. Hayo yalichapishwa 2007. Mwaka mmoja kabla, Warneken na Michael Tomasello walikuwa wameonyesha kwamba watoto wa miezi 18, ambao hata kuzungumza vizuri bado, huinuka kumwokotea mtu mzima asiyemfahamu kitu kilichomponyoka, bila kuahidiwa lolote.

Hapo Ngamba kuna jingine nalipenda sana. Sokwe waliwekewa sinia la chakula lenye kamba ambayo ncha zake mbili zinatakiwa kuvutwa pamoja, peke yako huwezi. Kila mmoja aliruhusiwa kufungua mlango na kumwita msaidizi mmoja kati ya wawili. Mmoja wa wasaidizi alikuwa stadi wa kazi hiyo, mwingine anaharibu. Baada ya kuonja kufanya kazi na wote wawili, sokwe walianza kumwita yule stadi. Yaani kumbukumbu ya nani ni mwenzi wa kuaminika, ile ambayo sisi tunaiita jina zuri na jina baya, iko kwa mnyama ambaye hana kijiji, hana ushirika wa akiba, hana kitabu cha mahudhurio.

Nisiwadanganye kwamba kila utafiti umesimama. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba hata watoto wachanga wa miezi 6 na 10, wakionyeshwa mchezo wa vikaragosi, kimoja kinasaidia kingine kupanda kilima na cha tatu kinakisukuma kirudi chini, wengi hunyoosha mkono kwa kile kilichosaidia. Dunia nzima ilifurahi. Kisha maabara nyingi za nchi mbalimbali zikaungana kulirudia jaribio lile kwa watoto zaidi ya 1,000, na matokeo ya 2024 yakawa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Kwa hiyo mkisikia mtu anahubiri kwamba mtoto wa miezi sita ni hakimu, mwambieni asubiri. Mimi nasimama kwenye yale ya miezi 18, na yale ya msituni.

Sasa msituni. Waliokulia Nyabyeya, jirani na msitu wa Budongo, wanajua kazi hii. Vijana wetu wanaamka usiku, wanaingia Budongo kabla ya jua, wanawafuata sokwe wa kundi la Sonso mpaka jioni. Sehemu moja ya kazi inachekesha watu mpaka wakielezwa: sokwe akikojoa kutoka juu ya mti, kijana anakimbilia majani yaliyolowa, anavuta matone kwa bomba dogo la plastiki, anayatia kwenye kichupa, anaandika jina la sokwe, saa, na alichokuwa anakifanya. Kichupa kinawekwa kwenye barafu. Kinachotafutwa mle ni homoni inayoitwa oksitosini. Walimu wa sayansi mnaijua, ndiyo inayobana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na kuteremsha maziwa mtoto anaponyonya. Ni homoni ya mama, kwa kifupi.

Roman Wittig, Catherine Crockford na wenzao walipima vichupa 79 vya sokwe 26 wa Budongo, wakatoa matokeo 2014. Sokwe aliyekula karibu na wenzake bila kugawana, oksitosini yake ilikuwa ya chini. Sokwe aliyegawana chakula, ilikuwa imepanda, ikazidi hata ya wale waliokuwa wanachambuana manyoya, jambo ambalo tulidhani ndilo upendo mkubwa wa sokwe. Na ilipanda kwa aliyepewa na kwa aliyetoa pia. Haikujali kama ni ndugu wa damu au la.

Nataka mkae na hilo kidogo. Ile dawa ambayo mwili uliitengeneza kwa ajili ya mama na mtoto anayenyonya, inaonekana imeazimwa, ikavutwa nje ya ule uhusiano wa kwanza, ikawafunga watu wazima wasiozaliwa pamoja. Mvulana wangu alipovunja kabalagala, ndani yake huenda kulikuwa na chembe ya kitu kilekile ambacho mama yake alikuwa nacho alipomnyonyesha. Mimi nilipoelewa hivyo nililia, sioni haya kusema.

Lakini watafiti hao hao walikuwa pia na kazi katika msitu wa Taï, Ivory Coast. Sokwe, kama mjuavyo, wana mipaka. Siku moja moja madume hujikusanya, wananyamaza kimya, wanatembea mstari mmoja kuelekea mpakani. Mkojo wao ukapimwa. Oksitosini ilikuwa imepanda, kabla ya kukutana na jirani na wakati wa mapambano. Homoni ileile. Homoni ya mama, ya nyama iliyogawanwa, inawafunga pamoja wanaokwenda kupigana.

Kutoka hapa ukifuata barabara ya Fort Portal utafika msitu wa Kibale, na ndani yake pana mahali panaitwa Ngogo. Jamii ya sokwe ya pale ilikua mpaka ikakaribia 200, kubwa kuliko nyingine yoyote inayojulikana. Kwa miaka kumi, kuanzia 1999, watafiti waliwashuhudia wakiua majirani zao, matukio 18 yakaonekana kwa macho. Baadaye Ngogo wakaanza kulitumia eneo la waliouawa, na ardhi yao ikapanuka kwa asilimia 22 hivi. Hayo yalikuwa ya majirani. Yaliyofuata ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kufikia 2015 jamii yenyewe ilianza kupasuka, upande wa magharibi na upande wa kati. Madume waliokuwa wakichambuana manyoya, waliokwenda doria pamoja, wakaanza kukwepana. Kufikia 2018 walikuwa makundi mawili kamili. Na wale wa magharibi wakaanza kuua wa kati. Hawa walikuwa wanafahamiana. Walikua pamoja. Hakuna lugha iliyowatofautisha, hakuna dini, hakuna chama. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa.

Naona baadhi yenu mmeinamisha vichwa, hasa mliotoka ng'ambo ya ziwa. Mnajua zaidi yangu ninachosema, na sitaongeza neno hapo.

Charles Darwin aliandika 1871 kwamba mnyama yeyote mwenye silika kali za kuishi pamoja, akipata akili ya kutosha, atapata na dhamiri. Baada yake wengine wakaonyesha hesabu yake: William Hamilton 1964 kuhusu ndugu wa damu, Robert Trivers 1971 kuhusu wasio ndugu wanaosaidiana leo mimi kesho wewe. Sitawachosha na hesabu. Bibi zetu walisema damu nzito kuliko maji, na kila aliyewahi kulima kwa zamu shamba la jirani anaijua sehemu ya pili. Nililotaka mlione ni kwamba katika hesabu zote mbili wema una anwani. Unakwenda kwa ndugu, au kwa yule nitakayeonana naye tena. Haukuumbwa uwe wa kila mtu. Utu wetu umezaliwa na ukuta wake, na mtoto anayetoa na mtoto asiyeona jirani yake ni mtoto mmoja.

Sasa, kama ningeishia hapo ningekuwa nimewaletea habari mbaya na kuondoka. Ila kuna jambo limetokea Uganda ambalo walimu wachache wanalijua, na sisi ndio tungepaswa kulijua kwanza. Mwaka 2015 Peter Blake, Katherine McAuliffe na wenzao walitoa utafiti wa watoto wa nchi saba: Kanada, India, Mexico, Peru, Senegal, Marekani na Uganda. Jozi 866 za watoto, wa miaka 4 mpaka 15. Watoto wawili wanakaa wakitazamana, katikati kuna kifaa chenye sinia mbili zenye peremende, na mmoja amewekewa mikono miwili ya kifaa ya kuvuta: akivuta wa kijani, kila mtu anapata kilicho upande wake, akivuta mwekundu, zote zinamwagika katikati, hakuna anayepata.

Mtoto akiona mwenzake anapewa nne na yeye moja, anavuta mwekundu. Afadhali tukose wote. Hilo lilionekana katika nchi zote saba, na halimshangazi mtu aliyewahi kugawa maandazi darasani. Ila geuza: wewe unapata nne, mwenzako moja. Utavuta nini? Katika nchi nne watoto waliendelea kupokea. Katika nchi tatu tu, watoto walipofika umri wa kati wa utoto na kuendelea, walianza kuvuta mwekundu, yaani kukataa kizidi kilicho upande wao wenyewe. Nchi hizo ni Kanada, Marekani na Uganda.

Hasira ya kupunjwa wanakuja nayo watoto wote. Aibu ya kupunja inachelewa, na haiji kila mahali. Kitu kinachochelewa na kutofautiana mahali na mahali ni kitu kinacholelewa, na walezi ndio sisi. Watoto wa nchi hii wamekwisha kuonyesha kwamba wanalijua.

Kuna watu wanaosema njaa ikija yote haya hufutika, na hapo kila mara hutajwa watu wetu wa Karamoja, Waik. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Colin Turnbull, aliishi nao miaka ya 1960 kule mlimani karibu na mpaka wa Kenya. Mwaka 1972 akachapisha kitabu akisema hawa ni watu wasio na upendo, wanacheka mzee akianguka, wanawaacha watoto wajitafutie. Kikasomwa dunia nzima. Waik wakawa ushahidi kwamba utu ni nguo tu, ukiivua chini hakuna kitu. Alifika mbali mpaka kushauri watawanywe kwa vikundi vidogo mbali na milima yao ili jamii yenyewe iishe.

Aliyoyakuta yalikuwa njaa kali. Bonde la Kidepo, walikozoea kuwinda, lilikuwa limefanywa mbuga ya taifa 1962. Aliwaona wakiwa katika miaka mibaya kuliko yote akadhani ameona tabia yao ya asili. Mwanaisimu Mjerumani, Bernd Heine, aliyekwenda miaka ya 1980 na kuijua lugha yao, alikuta watu wasiofanana na wale wa kitabuni. Na mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walichapisha utafiti wa ukarimu wa Waik, kwa kuwapa pesa na kutazama wanavyogawana, wakakuta hawana uchoyo kuliko watu wengine duniani. Wana hata msemo wao wa kila siku, tomora marang, kugawana ni kuzuri. Njaa ilikuwa imeusogeza ukuta karibu kabisa na ngozi ya kila mmoja, kisha mvua iliporudi ukuta ukarudi nyuma. Nasema hili kwa sababu katika vyumba vyetu vya walimu nimesikia watu wakisema, "Watoto wa kambini ndivyo walivyo, wanaiba." Mwalimu mwenzangu, umewaona katika mwaka gani wa maisha yao?

Mtaniuliza, basi tufanyeje. Nitasema mawili, na moja litawaudhi baadhi yenu.

Nilipokuwa darasa la nne nilichapwa viboko sita mbele ya wenzangu kwa sababu nilivunja chungu cha maji cha darasa. Nilikuwa nimekibeba kumsaidia mtoto mdogo asiyeweza kukinyanyua. Mwalimu hakuuliza. Jean Piaget, kule Uswisi, aliwasimulia watoto hadithi mbili: mmoja kavunja vikombe 15 kwa kusukuma mlango bila kujua viko nyuma yake, mwingine kavunja kimoja akipanda kabatini kuiba jamu. Nani mbaya zaidi? Watoto wadogo walisema wa vikombe 15. Wakubwa zaidi waliuliza alikuwa anataka kufanya nini. Kitabu chake ni cha 1932. Siku ile ya chungu, mimi wa miaka kumi nilikuwa nimekwisha kuvuka mto huo, na mtu mzima mwenye fimbo alikuwa bado ng'ambo. Nilichojifunza ni kutobeba tena chungu cha mtu.

Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza viboko shuleni, na sote tunajua shule ambazo fimbo bado iko nyuma ya kabati. Fimbo inamfundisha mtoto kumtazama mwenye fimbo. Watafiti wa malezi, Martin Hoffman akiwa mmoja wao, wamelionyesha jambo ambalo mama wengi wanalijua: mtoto anayeelekezwa amtazame aliyemuumiza, aambiwe "ona, amelia kwa sababu ulifanya hivi", huingiwa na hatia ya kweli na hamu ya kurekebisha, kuliko yule anayetishwa tu. Dhamiri hukua jicho linapokwenda kwa aliyeumia. Na ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo, haimalizi kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Tunamwadhibu mtoto kwa kukosa kitu ambacho bado kinajengwa.

Shehe wangu, mchungaji wangu, najua mnalo swali. Kama wema uko katika homoni na katika sokwe, Mungu yuko wapi? Mimi ni muumini, na siku nilipousoma ule utafiti wa Budongo nilisali zaidi, sikusali kidogo. Mfinyanzi hapungukiwi kwa sababu tumeujua udongo alioutumia. Na dini zenu zote mbili, neno lake zito kuliko yote kuhusu wema linamhusu mgeni, yatima, msafiri. Yaani zinagusa palepale ambapo mwili umeweka ukuta. Kumpenda mtoto wangu sihitaji kuamriwa.

La pili ni dogo, na ndilo nililofanya baada ya ile siku ya mvua.

Sikuhubiri habari ya kugawana chakula. Ningewaambia nini watoto ambao wana kabalagala moja? Niliangalia tu ni mahali gani katika siku yetu mtoto anahesabiwa. Sisi huku Bunyoro tuna empaako. Wageni, hilo ni jina la heshima na mapenzi, yako machache tu, watoto wote wa Kinyoro wanapewa moja: Akiiki, Amooti, Abwoli, Apuuli, Adyeeri, Araali na mengine. Huwezi kumsalimia mtu vizuri bila kumwuliza empaako yake. Na mimi, Mualur wa kiwandani, nilipewa yangu na mama jirani nikiwa mdogo, nikaacha kuwa mtoto wa wale watu wa mbao. Darasani kwangu nilikuwa naita mahudhurio kwa majina ya daftarini. Nikaanza kuita kwa empaako. Siku ya kwanza watoto saba walibaki kimya, wote waliotoka kambini. Nikasema, dawati ndilo litakalotoa.

Dawati la yule mvulana walibishana mapumziko mazima. Rafiki wa kushoto alitaka Adyeeri kwa sababu ndiyo ya shangazi yake. Mvulana alikataa, akasema huyu anatembea polepole na anaangalia kila kitu kama paka, ni Abwoli. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba amewahi kumtazama. Msichana akaulizwa, akacheka akifunika mdomo, akakubali.

Ilipita kama wiki mbili. Ijumaa iliyopita mvua imenyesha tena. Kabalagala ikatoka kwenye karatasi yake. Mbili ni rahisi, walimu, tatu ni kazi. Alianza kuikata katikati kwa mazoea, akasita, akatoa rula mfukoni akaiweka juu ya ule mkate wenye mafuta, akapima kwa sentimita, akakosea. Vipande viwili vikatoka vya kulingana, cha tatu kikawa kama kidole gumba. Akavitazama vyote vitatu. Kidogo akachukua yeye.

Nyuma yao, dawati linalofuata, kuna mvulana aliyefika siku hiyohiyo asubuhi, bado ana kadi ya kituo cha mapokezi shingoni. Alikuwa ameegemea mbele, pua yake karibu iguse bega la Abwoli, na harufu ya ile kabalagala naamini aliipata kuliko sisi sote. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyegeuka.

Yeye bado hana empaako. Nimewaambia dawati lake waanze kufikiria, tutaitoa Jumatatu.

Asanteni.